Kazi ya mafuriko ukiwa Mwanza: uanzie mtaroni, mtoni, angani au kwa watu?

Mpwa wangu alinipigia simu siku chache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Kapata daraja la pili, mchepuo wa PGM (fizikia, jiografia na hisabati), na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Shikamoo mjomba. Nataka kazi ya kushughulika na mafuriko. Nijaze chuo gani?"

Amekulia Mabatini. Kila masika nyumbani kwa dada yangu magodoro hupandishwa juu ya kabati na gunia la mchele juu ya meza, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumuuliza hamu hiyo kaitoa wapi. "Marahaba," nikamjibu. "Mafuriko yapi?"

Akanyamaza. Alidhani namtania, lakini swali langu lilikuwa la kweli. Mwanza ina mafuriko ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo, na kila moja lina watu wake. Isitoshe, ukifungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, leo hutakuta kada inayoitwa Ofisa Mafuriko. Kazi hiyo ipo, ila imekatwa vipande na kugawiwa ofisi tofauti kwa majina mengine: mhandisi, mhaidrolojia, mtabiri wa hali ya hewa, ofisa mipangomiji, mratibu wa maafa. Anayetaka kuingia lazima achague kipande. Haya ndiyo niliyomweleza, kwa mpangilio niliomweleza. Mimi ni fundi sanifu wa haidrolojia, yaani mpimaji wa maji ya mito na maziwa, kwa hiyo mizani yangu huenda inaelemea upande mmoja. Lijue hilo mapema.

Ya dakika na ya miezi

Mafuriko ya kwanza yanatoka mlimani. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na nyumba zimepanda hadi kileleni, Igogo, Isamilo, Bugando, Mabatini kwenyewe. Mvua ikipiga saa moja, maji hayana pa kunywewa: chini mwamba, juu bati, katikati njia za miguu zilizokanyagwa hadi zikawa kama sakafu. Yote yanateremka kwa pamoja, yanaingia Mto Mirongo na vijito vingine, na kwa muda mfupi barabara ya Nyerere pale Mabatini au ya Kenyatta pale Mkuyuni haipitiki. Bodaboda wanaanza kuwabeba watu mgongoni kwa hela. Baada ya saa chache maji yamekwenda ziwani, yakaacha matope, chupa za plastiki na kuta zilizolala.

Ya pili yanatoka ziwani, nayo hayana kelele. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilivuka rekodi iliyokaa tangu 1964, na mwaka 2024 kikapanda juu zaidi ya hapo. Hakuna aliyesombwa usiku. Maji yalisogea tu, hatua kwa hatua, yakameza mialo ya wavuvi, yakaingia mashamba ya ufukweni, vyoo vikajaa kutokea chini. Kisha yakakaa. Miezi.

Aliyesomea kuyapitisha maji ya Mirongo kwa haraka hana dawa ya ziwa lililopanda. Na anayeweza kukuambia ziwa litakuwa wapi mwezi Juni, mvua ya alasiri moja Mahina inaweza kumfikia hajavaa hata buti.

Mhandisi na mhaidrolojia, bega kwa bega

Hawa wawili ndio watu huwachanganya, na ndio mpwa wangu alikuwa akipima kati yao bila kujua. Wote wanashughulika na maji, wote wanapiga hesabu, wote utawakuta wamesimama kwenye daraja wakitazama chini. Mmoja anauliza: haya maji niyapitishe wapi? Mwingine anauliza: haya maji ni mengi kiasi gani, na yatarudi lini?

Mfano wa hesabu ya mhandisi. Chukua eneo la mlimani lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba. Mvua inashuka kwa kiwango cha milimita 50 kwa saa, na radi kali za huku ziwani hufika hapo. Kwa sababu ya mawe na mabati, tuseme sehemu 7 kati ya 10 za maji hayo zinateremka badala ya kuzama ardhini. Ukizidisha unapata karibu mita za ujazo 10 kila sekunde. Yaani boza la lita 10,000 linamwagwa mtaroni, na kabla hujamaliza kutamka "moja" limefuata la pili, na hivyo hivyo kwa muda wote mvua inavyoendelea. Sasa tazama mtaro wa mtaani kwenu, upana wake na takataka zilizomo, uniambie.

Mhandisi anachukua namba hiyo anaamua ukubwa wa kalavati, mwinuko wa daraja, unene wa zege, gabioni, yale makapu ya waya yaliyojazwa mawe, zikae wapi ili kingo zisiliwe. Anaamua pia jambo ambalo wananchi hawalijui: ajengee mvua ipi. Wenyewe wanasema mvua ya miaka 10, ya miaka 25, ya miaka 50. Mvua ya miaka 25 haina ahadi ya kusubiri miaka 25. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 4 wa kuifikia au kuipita. Daraja likikaa miaka 25, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni asilimia 64. Kila ukiongeza kinga, bei inapanda, na mwenye fedha anataka kujua kwa nini. Mhandisi asiyeweza kueleza hilo kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya madiwani atajenga kalavati dogo maisha yake yote.

Njia yake ya kusoma inajulikana: fizikia na hisabati za juu kidato cha sita, kisha shahada ya uhandisi wa ujenzi ya miaka 4, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Mbeya kwenye chuo cha sayansi na teknolojia. Sokoine wana uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, ambao kwa kazi hii mimi naupenda zaidi kuliko wengi wanavyoujali. Ukihitimu unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka 3, ndipo unapoomba kuwa mhandisi mtaalamu mwenye muhuri wake. Weka miaka 7 au 8 tangu leo mpaka saini yako iwe na uzito. Uzuri ni kwamba waajiri ni wengi: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa za mitaani na vijijini, halmashauri, mamlaka za maji, makandarasi, kampuni za ushauri. Serikali isipotangaza nafasi mwaka huu, kuna tajiri anayejenga.

Ubaya wake? Kijana anaingia na hamu ya mafuriko, anapangiwa lami. Mafuriko kwa mhandisi wengi ni sura moja kwenye kitabu kinene cha barabara, na asipojitafutia mwenyewe miradi ya mifereji na mito anaweza kumaliza miaka 10 bila kuusogelea mto.

Mhaidrolojia anaanzia mtoni moja kwa moja. Ofisi yake kubwa ipo hapa hapa: Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, moja kati ya bodi 9 za mabonde nchini, makao yake ni Mwanza, na inafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kazi ya mwanzoni haina fahari. Unabeba karentimita, kifaa cha kupimia kasi ya maji, unashuka Mto Simiyu au Isanga au Magogo, unapima kina na kasi ya maji kipande kwa kipande kutoka ukingo hadi ukingo, unajumlisha, unapata mtiririko. Unarudi maji yakiwa kidogo, unarudi yakiwa mengi, mpaka upate mchoro unaosema: geji, ule ubao wenye vipimo uliosimikwa mtoni, ikisoma hivi, mto unapitisha hivi. Baada ya hapo mwanakijiji anayesoma geji asubuhi na jioni anakupa mto mzima kwa tarakimu mbili.

Ikisomwa vibaya, umepata mto wa uongo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika 2.31 pahali pa 1.31, jua linawaka, nikiwa na haraka ya kuwahi gari. Wiki mbili baadaye mkubwa wangu akaniita mezani, akauliza kwa upole sana: "Kijana, hebu niambie, Simiyu ilifurika lini kiangazi hiki?" Mpaka leo namba nasoma mara mbili, hata bei ya sangara.

Kwa upande wa ziwa, mhaidrolojia ndiye mwenye jibu la kwa nini maji hayaondoki. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Sentimita moja tu ya maji juu ya eneo hilo ni kama mita za ujazo milioni 690. Mlango wa kutokea ni mmoja, Jinja kule Uganda, ambako Nile inaanza safari na mabwawa ya umeme ndiyo yanayoshika ufunguo tangu la kwanza lilipokamilika mwaka 1954. Tuseme wafungulie mita za ujazo 2,000 kila sekunde. Ukisahau kabisa mvua, mito na jua, itachukua siku 4 kushusha sentimita moja. Nusu mita ni siku 200. Na mvua haisubiri: karibu sehemu nne kwa tano ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, mito yote, hata Kagera, inagawana kilichobaki. Ndiyo maana miaka ya 1961 hadi 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 na halikurudi haraka. Mwenye mwalo Kirumba akikuuliza ahamishe banda lake au avumilie, anayeweza kumjibu ni mtu wa hesabu hizi, wala si mwenye katapila.

Mlango wake wa kuingilia ni mpana kuliko wa mhandisi. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kinatoa stashahada ya haidrolojia na hali ya hewa. Mwenye kidato cha nne chenye masomo ya sayansi anaweza kuingia na kutoka fundi sanifu baada ya miaka 3. Ukipata wastani wa 3.0 na kuendelea unaweza kuomba shahada kwa stashahada hiyo, kwa hiyo si njia ya waliokosa, kama wanavyodhani wajomba wengine.

Pabaya pake ni huku: waajiri ni wachache, na takribani wote ni wa serikali au miradi. Nafasi zikitangazwa, zinatangazwa kwa mafungu, na katikati yake kuna ukame. Nilishawahi kujitolea ofisi moja zaidi ya mwaka kwa nauli tu, nikiambiwa "mkataba unakuja", na ulipokuja ulikuwa wa mtu mwingine. Tena kuna uchungu wa kitaalamu: unaweza kupima mto miaka 15 na takwimu zako zikalala kabatini, hadi siku daraja litakapoondoka ndipo zitafutwe kwa simu za usiku. Mhandisi anaonyesha daraja alilojenga. Mhaidrolojia anaonyesha daftari.

Viboko na mamba sitawasema sana. Wapo.

Anayetazama mawingu

Hapa nitapita haraka kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi: unapenda fizikia ya hewa na kukesha, au hupendi. Mwajiri kimsingi ni mmoja, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Shahada ya metorolojia ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mamlaka ina chuo chake Kigoma kinachofundisha ngazi za chini yake. Mwanza kuna rada ya hali ya hewa, kuna uwanja wa ndege, kuna wavuvi na vyombo vya abiria wanaohitaji kujua upepo wa usiku, kwa hiyo kituo cha huku kina kazi kweli kweli.

Tofauti yake na mhaidrolojia ni kwamba mtabiri anakupa saa na siku kabla, wakati mhaidrolojia anakuambia mvua hiyo ikishafika ardhini itageuka nini. Siku hizi TMA haitoi tu "mvua kubwa", inataja na athari zinazoweza kutokea, kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Maneno hayo matatu yana uzito tofauti, lakini nenda Soko Kuu uulize wauza nyanya tofauti yake. Pengo hilo, kati ya ujumbe uliotoka na ujumbe ulioeleweka, ni kazi nzima ya mtu ambaye bado hajaajiriwa.

Mpangaji na mtu wa maafa

Hawa nawaweka pamoja kwa sababu wanashughulika na watu zaidi kuliko maji, na wanatofautiana kwa wakati. Mpangaji anakuja kabla ya nyumba kujengwa. Mtu wa maafa anakuja nyumba ikishaanguka, ingawa siku hizi anataka sana aje mapema.

Ofisa mipangomiji wa Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela ana silaha moja kali kwenye sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Soma tena, mita 60, halafu tembea kandokando ya Mirongo ukihesabu nyumba zilizo ndani yake. Utamaliza vidole kabla ya kufika mwisho wa mtaa wa kwanza. Kazi ya mpangaji ni kuishi ndani ya pengo hilo: kupima, kurasimisha, kumwambia mzee aliyejenga mwaka 1978 kwamba hati ya kiwanja chake haitatoka, na kumwambia hivyo kwa heshima huku mwenyekiti wa mtaa anatazama uchaguzi ujao. Nadhani ndiyo kazi inayookoa watu wengi zaidi kwa mafuriko ya mlimani, na ndiyo inayopendwa kidogo zaidi. Ardhi ndiko penye shahada yake. Kwa anayetaka kusoma bila kuhama, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kina kituo chake cha Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Wenye EGM na HGE, michepuo isiyo na fizikia, ambao uhandisi umewafungia mlango, wakitazame hiki kwanza.

Mtu wa maafa ana sheria mpya kidogo, ya mwaka 2022, iliyoweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Idara ipo Ofisi ya Waziri Mkuu. Baada ya maporomoko ya Hanang Desemba 2023, yaliyoua zaidi ya watu 80, na mafuriko ya Rufiji Aprili 2024, watu wengi waliitazama kazi hii kwa macho mengine. Vijana hupenda jina lake. Linasikika kama kazi ya koti la rangi na redio ya mkononi.

Kwa mtu anayeanza, nilimwambia mpwa wangu, usianzie hapa. Kozi za maafa zipo, nyingine nzuri, lakini ni tabaka la pili: zinakaa vizuri juu ya uuguzi, uhandisi, mipango, haidrolojia, hata ualimu. Zikikaa peke yake chini, mhitimu anajua kuandika mpango wa dharura ila hajui maji yatapita wapi, na waajiri wanaliona hilo. Ajira za kudumu katika ngazi ya wilaya ni chache, mara nyingi mratibu wa maafa ni ofisa mwenye kazi nyingine aliyeongezewa kofia. Bali kujitolea anzia hapa hapa, tena leo. Chama cha Msalaba Mwekundu kina vijana wa kujitolea, na mtu aliyewahi kuhesabu kaya shuleni usiku wa mafuriko, akagundua orodha ya mtendaji ina watoto kumi pungufu, anaingia darasani na maswali ambayo wenzake hawana.

Ramani, ambayo si chuo

Alipouliza kuhusu ramani za kompyuta nilimwambia asizifanye njia, azifanye kisu cha mfukoni. Ardhi wanafundisha jiomatiki na mifumo ya taarifa za kijiografia, na wanaopenda hayo wakasome. Lakini QGIS ya kuchorea ramani ni programu ya bure, HEC-RAS ya kupigia hesabu za mto ni ya bure pia, imetengenezwa na wahandisi wa jeshi la Marekani, na zote zinakaa kwenye kompyuta ya kawaida. Kule Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015 kwa kuwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa, mitaro na maeneo yanayofurika, nyumba kwa nyumba. Wanafunzi wale hawakuwa wataalamu walipoanza. Mwanza bado ina vichochoro vya mlimani ambavyo ukivitafuta kwenye ramani utaona kijani kitupu.

Ukiyaweka mezani pamoja

Kwa muda: stashahada ya haidrolojia ndiyo fupi kuliko zote kufikia kazi, uhandisi ndio mrefu kufikia muhuri. Kwa uwezekano wa kubaki Mwanza: haidrolojia na mipango viko mbele, kwa sababu ofisi zake zipo mjini. Mhandisi wa serikali anaweza kupangiwa Katavi, na mtabiri anaweza kukesha uwanja wowote wa ndege nchini. Kwa fedha: ndani ya serikali tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani, posho za safari ndizo zinazotenganisha watu, na hapo wa mtoni na wa barabarani wanawazidi wa ofisini. Nje ya serikali mhandisi hana mpinzani. Kwa kuvuka mpaka: haidrolojia inashinda, maana ziwa ni la nchi tatu. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Afrika Mashariki ina makao Kisumu, na chuo cha IHE Delft cha Uholanzi kimezoea kupokea watu wa maji kutoka Afrika kwa shahada ya uzamili.

Kwa usingizi, hakuna. Mvua zetu hupenda usiku.

Kuna jambo moja halipo kwenye mwongozo wowote wa udahili. Mafuriko ya Mwanza hayana mwenyewe mmoja. Barabara kuu ni ya TANROADS, ya mtaani ni ya TARURA, takataka zilizoziba kalavati ni za halmashauri, mto uko chini ya bodi ya bonde, kibali cha mazingira kinapitia NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na nyumba iliyobana mto ina hati au haina kutegemea ofisi ya ardhi. Nimehudhuria vikao ambamo wote hao walikuwepo na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kwamba si yeye. Utakachosomea ndicho kitakachoamua unakaa kiti kipi, na ukikaa utagundua kwamba nusu ya kazi ni kumwelewesha aliyekaa jirani. Kwa hiyo mhandisi asome haidrolojia kuliko anavyodaiwa mtihani. Mhaidrolojia ajifunze kusoma mchoro wa mhandisi. Wote wawili wajue jina la mtendaji wa kata.

Kwa PGM yake na kichwa chake, ningeweka hivi: chaguo la kwanza uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, la pili uhandisi wa ujenzi, na akikosa vyote viwili asikae nyumbani mwaka mzima akisubiri dirisha, aende Chuo cha Maji. Mwenye kidato cha nne tu na ndoto hiyo hiyo, Chuo cha Maji moja kwa moja. Mwenye mchepuo wa sanaa kama HGL, mipango au maafa kupitia kujitolea. Aliye tayari kazini, kwa mfano mwalimu wa jiografia Nyegezi aliyeniuliza juzi, asirudi mwanzo: achukue QGIS, aanzishe geji ya mbao na wanafunzi wake kwenye kijito cha jirani, halafu atafute uzamili.

Mpwa wangu hakuridhika. "Mjomba, unaniambia ofisi. Nitajuaje mimi ni wa wapi?"

Nikampa zoezi. Mvua kubwa ijayo asikae ndani kupandisha magodoro peke yake, awaachie wadogo zake. Asimame barazani kwa jirani kule juu, mahali pa usalama panapoona daraja, wala asisogee ukingoni, na aandike kitu cha kwanza alichojikuta anakitazama. Kama ni wingu lilikotokea, tunajua. Kama ni nguzo za daraja, tunajua. Kama ni nyumba ipi ilijengwa wapi, au ni mama yupi amekwama na watoto, vilevile tunajua.

Ilinyesha Jumanne. Usiku akanitumia ujumbe, hauna hata salamu: "Tone la kwanza saa 9:10. Maji yamegusa chini ya daraja saa 9:48. Yamekaa juu mpaka 11:20. Kuna mtoto alitupa ndala nikaipima kasi kwa hatua lakini ikanasa."

Nikasoma mara mbili, kama kawaida yangu. Kisha nikamjibu: saa yako uliilinganisha na ya redio?